Kupiga Pasi Bawa

Mimi ni fundi wa makochi. Muyeye nzima yakalia kazi yangu:
viti vya sebule, viti vya saluni, matandiko ya tuktuk.
Tsuma Mwaringa alipoleta vipimo kwenye karatasi ya sigara
nilidhani ni turubai la harusi.
"Ni bawa," akasema. "Yako manne."

Manne, ndege moja! Mawili chini, mawili juu yake,
kama vitanda vya bweni,
na katikati nyaya zilizokazwa, ukizigusa zalia.
Kaka yake, Ngowa, aliiunda uani, kati ya choo na banda la kuku,
miaka kumi na mmoja ya mshahara wa hoteli.
Akairusha miezi sita.
Kisha sukari ikamla mguu, ikapumzika,
ikarudi kumalizia.

Miaka kumi na tisa chini ya makuti.
Panya wamezaa kitini, chumvi imekula parafujo.
Tulipoivuta amerikani kuukuu ikachanika kama karatasi ya mandazi,
mbavu zikatoka, za mbao, nyembamba,
na kwenye kila ubavu, mwandiko wa penseli.

Wa tatu: gundi imekwisha, hadi mwisho wa mwezi.
Wa tano: mvua.
Wa tisa: Tsuma kaiba nyundo.

"Sikuiiba," akaniambia,
mimi ambaye sikuuliza.

Na chini ya ubao wa kiti, mwandiko wa baadaye, wa haraka:
Leo nimeipindua. Injini ikapaliwa.
Nimerudi kimya, kwa upepo tu. Nikipata pesa—
Hapo penseli iliishia.

Basi haikuwa kazi ya kuziba na kupaka.
Tsuma, rubani wa ndege za miraa, aliuza kiwanja chake cha Barani
akanunua injini iliyotumika, na pampu
inayoinywesha mafuta hata miguu ikielekea mbinguni.
Mabawa ya juu nayo akayawekea vibawa vya kubinulia,
ambavyo Ngowa aliviweka chini peke yake.
Mkewe hakusema naye mpaka Ramadhani ya jirani ikaisha.

Mimi nilishona. Sindano ndefu kama mkono,
yeye upande huu wa bawa, mimi ule,
naipitisha, anairudisha, fundo kila vidole vitatu,
hatuonani, twasikiana pumzi.
Halafu pasi. Ndiyo, pasi, hii ya kanzu!
Tetroni haivutwi kwa mkono, hukazwa kwa moto;
ukikosea joto, umechoma kiwanja cha mtu.
Nilipomaliza nililipiga kwa ukucha
likajibu kama chapuo.

Kabla ya kuufunga ubavu wa mwisho niliomba penseli.
Mwanaesha kashona hapa. Anadai elfu tatu.

Tulilisukuma kiwiliwili kwa mkokoteni saa nane za usiku,
limefunikwa shuka, hadi uwanjani.
Askari wa doria akamulika tochi, akaona urefu ule,
akavua kofia: "Poleni. Ni nani?"
Tsuma akasema, "Kaka yangu,"
na tukapokea pole, tukapita.

Mkaguzi kutoka Nairobi alikagua siku mbili,
akagonga kila mshono, akatia sahihi bila kutabasamu.
Alfajiri ya Jumanne Tsuma akapaa,
akazunguka juu ya maji mekundu ya Sabaki,
akapanda, akapanda tena,
akaipindua.

Nilihesabu. Moja. Mbili. Tatu.
Injini haikukohoa.
Nne. Tano. Sikujua nimekamata mkono wa mkaguzi.

Aliposhuka macho yalikuwa mekundu, anafikicha, anapiga chafya.
"Nani alifagia humu ndani?" akauliza.
Sote tulifagia. Tulifagia mara tatu.
Lakini huwezi kufagia kitu mpaka ukipindue:
masharubu yake yote yalijaa unga wa mbao,
mkavu, wa rangi ya chai,
aliouranda Ngowa.
Nilitaka kumpangusa kwa ncha ya leso.

Akanizuia.